Prosesa ya mbio na prosesa ya kusimama: historia kidogo kwa wale wanaotafuta mashini ya sauti na serva



Wadogo watatu wameniuliza swali moja kwa njia tatu: "Yaya, kwa mashini ya kurekodi sauti na kwa serva, tununue prosesa gani?" Kila mmoja anangoja nitaje jina moja na gigahezi. Mimi nilisoma agronomia, lakini miaka hii njo mimi ninayeitwa pale mashini inazimika, na jibu langu linapita kwanza katika historia. Majina ya prosesa yanabadilika kila mwaka, ila matatizo yanarudi yale yale.

Mashini tunayoongelea wengi munaijua. Mchana inarekodi vipindi vya wakulima na nyimbo za kwaya, usiku inagawa faili kwa ofisi nzima. Kuna wanaosema: weka yote kwenye intaneti, serva ya nini hapa? Hao wamesahau haraka. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki tatu. Na sisi wa Beni na Butembo tulikuwa katikati ya Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti mwaka ule. Redio ilibaki mdomo wa kueleza watu, kwa Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Aliye na faili zake ndani ya nyumba aliendelea na kazi. Aliyekuwa nazo Ulaya alingoja.

Basi tuone kazi zenyewe, maana sauti na serva haziombi kitu kimoja. Sauti inaomba kutochelewa. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kila sekunde, na bafa ya sampuli 128, prosesa iko na milisekunde 2.67 tu za kumaliza fungu moja, na lingine limekwisha kufika. Ikichelewa mara moja unasikia "tak!" katikati ya maneno ya mama anayeeleza namna ya kukausha kahawa, na huyo mama amekwisha kupanda pikipiki kurudi Kyondo. Serva haina haraka hiyo. Faili ikichelewa nusu sekunde, nani atalia? Yenyewe inaomba kukaa wima miezi bila kuanguka, na isiandike uongo kwenye disku. Serva inapenda mioyo mingi (Wafaransa wanaita hivyo sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, na sisi tumefuata) pamoja na RAM ya kutosha. Sauti inapenda mioyo yenye nguvu, isiyosinzia.

Sasa historia. Mwaka 1994 profesa wa hesabu kule Virginia, Marekani, Thomas Nicely, alikuwa anachunguza namba tasa kwa kompyuta ya Pentium, akaona majibu hayalingani. Alitafuta kosa katika programu yake kwa muda mrefu, kumbe kosa liko ndani ya chip: jedwali la kugawanya lilikosa namba kadhaa. Intel ilisema mtumiaji wa kawaida atakutana na kosa hilo mara moja kwa miaka 27,000. Watu hawakukubali, na Desemba kampuni ikakubali kubadilisha chip kwa yeyote anayetaka. Ilitenga dola milioni 475 kwa shida hiyo. Kwangu jambo kubwa pale ni kwamba mashini ilikosea bila kuanguka. Iliyoanguka unaiona, lakini iliyokosea kimya inakuandikia bei ya uongo nawe unaisoma redioni.

Miaka sita baadaye yalikuwa mashindano. AMD ilifikisha gigahezi 1 kwa Athlon tarehe 6 Machi 2000, Intel ikafuata siku mbili nyuma. Mwisho wa Julai Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13 ili iwe mbele. Wapimaji wa magazeti wakaichukua, wakaiambia ijenge kerneli ya Linux kutoka msimbo wake, kazi ya kawaida kabisa ya mtu wa serva. Ikashindwa kumaliza. Kabla ya Agosti kwisha, kampuni iliirudisha sokoni kote. Shikeni kile kipimo cha kerneli, tutakihitaji.

Kwa nini jambo hili linarudi? Waliokulia kwenye kahawa wataelewa mbio. Prosesa nyingi za familia moja zinatoka kwenye sahani moja ya silikoni, kama vile punje zinavyotoka kwenye shamba moja. Kiwanda kinazichambua: hii inasimama kwa mbio kubwa na volti ndogo, iende daraja la juu, hii ina moyo mmoja mgonjwa, ufungwe na iuzwe bei ya chini. Zamani kiwanda kilikuwa kinaacha nafasi kubwa kati ya mbio iliyoandikwa na mbio ya kweli. Mwaka 1998 Celeron 300A iliuzwa kwa megahezi 300, na vijana wengi waliipeleka mpaka 450 bila shida. Ile nafasi ilikuwa mali ya mnunuzi. Leo kiwanda kinaiuza chenyewe, mpaka ukingoni, na anayelipia bei ya juu kabisa njo anayepata nafasi ndogo kabisa.

Kati ya hapo tulipata mwaka 2017, mwaka muzuri kwa watu wasio na pesa. Kwa miaka Intel ilikuwa inawapa watu wa kawaida mioyo 4, basi. Tarehe 2 Machi AMD ikatoa Ryzen yenye mioyo 8, ya juu kwa dola 499. Ila hata pale hakukukosa mwiba. Waliokuwa wanajenga programu kwenye Linux kwa mioyo yote waliona kazi inaanguka bila sababu, na AMD ikabadilishia waliolalamika. Kulikuwa na tatizo lingine la ajabu zaidi: mashini zingine zilikuwa haziganda zikifanya kazi, zilikuwa zinaganda zikipumzika! Usiku hakuna mtu, prosesa inashuka kwenye usingizi mzito, umeme unapungua sana, asubuhi unakuta serva imekufa na taa inawaka. BIOS nyingi ziliongezewa chaguo linaloitwa Typical Current Idle, linalozuia usingizi huo. Kama muko na Ryzen ya zamani inayokufa usiku, angalieni pale kwanza kabla ya kumshitaki mlinzi.

Mwaka 2021 ikawa zamu ya USB. AMD ilikubali mwezi wa pili kwamba kwenye kadi-mama kadhaa muunganisho wa USB ulikuwa unakatika kidogo, na ikatoa dawa ya BIOS mwezi wa nne. Kwa anayeandika barua, panya kukatika sekunde moja si kitu. Kwa sisi ambao mikro inapitia kadi ya sauti ya USB, sekunde moja ni mahojiano yameharibika.

Kisha njo ile kubwa ya juzi. Intel ilitoa Core i9-13900K mwaka 2022 na 14900K mwaka 2023: mioyo 24, minane mikubwa na 16 midogo, mbio mpaka gigahezi 6, na wati 253 kwa kikomo cha kampuni yenyewe. Kadi-mama nyingi hazikuheshimu hata kikomo hicho. Watu wakaanza kuona michezo inaanguka, tena ikisema uongo kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Hata serva za michezo, zinazowaka usiku na mchana, zikaanguka. Mwaka 2024 Intel ikaeleza: chip ilikuwa inaomba volti kubwa kupita kiasi, na sehemu fulani ya ndani inazeeka kabla ya wakati. Mikrokodi ya kurekebisha ilitoka Agosti, nyingine Septemba, na garanti ikaongezwa miaka miwili. Ila iliyokwisha kuumia haiponi kwa mikrokodi.

Garanti! Hapa njo ninatofautiana na wale vijana wa video wanaoshauri wakiwa Texas. Wao chip ikiharibika wanaiweka katika bahasha. Sisi chip yetu imetoka Dubai au Guangzhou, imepita Mombasa, Kampala, Kasindi, imelipiwa njiani kila mahali, na aliyetuuzia ameisha kubadilisha biashara anauza vitenge. Nani atairudisha? Kwa mtu wa Butembo, miaka mitano ya garanti ni karatasi. Njo maana mimi ninanunua nafasi, sinunui mbio.

Na shida inaanza mbele ya chip, kwenye waya. Butembo ilikua kuwa mji mkubwa wa biashara bila mtandao wa umeme wa serikali. Watu walijiwashia kwa grupe, mitambo midogo ya maji, na baadaye jua. Wati 60 zaidi ya mzungu ni hesabu ya mwisho wa mwezi, wati 60 zaidi yetu ni betri kulala saa nane za usiku. Pigeni hesabu: mashini inayokula wati 40 bila kuzima inamaliza karibu kilowati-saa 1 kwa siku, ya wati 100 inamaliza 2.4. Tofauti hiyo ni paneli na betri za kununua, tena si kidogo.

Kwa kweli chip nyingi kuliko ofisi zetu zote ziko hapa hapa jimboni, kule Luviro, teritware ya Lubero. Hifadhi ya Virunga ilijenga kituo cha umeme wa maji pale, na tangu 2020 inatumia umeme wake kuchimba Bitcoin, kwa mashini zilizopangwa ndani ya konteina. Watalii walikuwa wamekosekana sababu ya vita, Ebola na Covid, hifadhi ikatafuta pesa kwingine. Siingii kwenye ubishi kama ni vizuri au vibaya. Ila muangalie tofauti: kule mashini moja ikifa, maelfu yanaendelea, wanapoteza senti. Sisi tuko na moja.

Basi jibu. Kwa bei na kwa kazi hizi mbili, leo mimi ninatafuta Core i5-12400 au Ryzen 5 5600G. Zote ziko na mioyo 6 ya aina moja, hakuna mikubwa na midogo, kwa hiyo kazi ya sauti haiangukii kwenye moyo mdogo kwa bahati mbaya. Zote zimeandikwa wati 65, na ziko na picha ndani, hamuhitaji kadi nyingine ya kula umeme. (Muangalie vizuri: 12400F haina picha. Muuzaji atawaambia ni kitu kimoja.) Tena 12400 ni ya kizazi cha 12, haikuguswa na ugonjwa wa 2024. Kama munaweza kupata mbili, chukueni kompyuta ya zamani ya ofisi yenye mioyo 4 iwe serva, na hii ibaki ya sauti peke yake. Hilo ni bora kuliko i9 moja.

Kama mtu amekwisha kununua i9, asiitupe. Agronomia inafundisha kwamba mfuko wa tano wa mbolea hauleti mavuno kama wa kwanza, na wati ni hivyo hivyo. Wekeni mikrokodi mpya, kisha BIOS ishushwe kwenye wati 125 au chini. Mutapoteza mbio kidogo, chip itapoa, na ile nafasi iliyouzwa kiwandani inarudi kwenu. RAM iache kwa mbio rasmi, 3200 kwa DDR4, hata kama kibandiko kinajisifu 4000. Kwa mashini ya sauti zimeni usingizi mzito wa prosesa wakati wa kurekodi. Vumbi letu jekundu la kiangazi lipulizwe kila mwezi. Butembo iko zaidi ya mita 1,700, baridi inatusaidia, lakini Beni iko chini na joto, wa kule wasinakili vipimo vyetu bila kupima wenyewe. BIOS isibadilishwe hata siku moja bila ondulere yenye betri nzima.

Mwishoni mupime kabla ya kuamini. Usiku wa kwanza, kipimo cha RAM mpaka asubuhi, na kosa moja tu linatosha kuirudisha kwa muuzaji siku ile ile, angali anakukumbuka. Usiku wa pili, jengeni kerneli ya Linux kwa kurudia-rudia, huku mashini inarekodi sauti kwa bafa ya 128, kisha musikilize kama kuna "tak". Siku ya tatu, mchana, jirani wa kuchomelea vyuma akiwa kazini kwenye grupe lile lile, katikati ya kurekodi, kateni umeme kwa mkono mara tatu na muone kama ondulere inashika.