Chapati za Bure za Calgary: Nani Analipa?

Nimepotea kidogo, mtanisamehe. Semista imeisha, mkopo uliisha kabla yake, na kibarua cha kubeba boksi bado sijapata. Lakini msinionee huruma, maana ni Julai, na Julai hapa Calgary ni Stampede. Msosi wa bure kila kona!

Kwa siku 10 mji mzima unavaa kofia za wachunga ng'ombe. Asubuhi watu wanapanga foleni kwenye maegesho ya maduka, makanisani, hata mbele ya ofisi. Unapewa chapati za maji nene, soseji na shira ya maple. Hulipi hata senti. Siku ya kwanza niliona aibu jamani. Kwetu ukila bure basi ni harusi au msiba, na mwenye shughuli unamjua. Nikasimama pembeni kama mwizi, najiuliza: hawa wanataka nini kwangu? Basi swali la tumbo likanipeleka maktaba, si unajua tena sisi watu wa ualimu wa historia.

Iko hivi. Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, Guy Weadick, aliwashawishi matajiri wanne wa Calgary wafadhili tamasha la kuenzi maisha ya wachunga ng'ombe. La pili likafanyika 1919, baada ya vita. Mwaka 1923 likaunganishwa na maonyesho ya kilimo ya mji, na ndipo zikaanza mbio za magari ya jikoni, yale yaliyokuwa yanakokotwa na farasi kuwafuata wachungaji porini na chakula chao. Dereva mmoja wa mbio hizo, Jack Morton, akaegesha gari lake mjini kati, akawasha jiko, akawa anawakaribisha wapita njia wale naye asubuhi. Ndiyo hivyo tu! Hakukuwa na kamati wala mgeni rasmi. Mwaka 1948 mashabiki wa timu ya mpira ya Calgary walipokwenda Toronto kwenye fainali ya Grey Cup, walibeba farasi na majiko, wakakaanga chapati mbele ya ukumbi wa jiji. Tangu hapo nchi nzima ikajua mambo ya Calgary.

Sasa tusidanganyane. Bure ina mwenyewe. Siku hizi makampuni yanakaanga yakitafuta wateja, na wanasiasa wanageuza chapati mbele ya kamera wakitafuta kura. Tena sherehe hii inawasifu wachunga ng'ombe kwenye ardhi ambayo wenyeji wake waliingizwa kwenye Mkataba Namba 7 mwaka 1877, kisha wakabanwa wasitoke kwenye maeneo yao bila kibali. Halafu 1912 hiyohiyo, aliyempanda farasi mkorofi aitwaye Cyclone na kutwaa ubingwa alikuwa Tom Three Persons, mtu wa kabila la Kainai. Mimi nikija kufundisha habari hii, huyo naanza naye.

Kilichonimaliza ni juzi. Nilikwenda kwenye chai ya asubuhi ya Waismailia. Nafika mbele ya foleni, pembeni ya chapati naona nini? Mbaazi za nazi! Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mbaazi!" Bibi aliyeshika upawa akaniangalia. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Umekula leo?" Jamani, machozi yalinilengalenga, na sikuwa nimekula.

Alitoka Kampala 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Kanada ilipokea maelfu yao. Wengine walitoka Tanzania, kama wazazi wa Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa mji huu kuanzia 2010 hadi 2021. Nikamuuliza bibi kwa nini wanapika watu wote hawa bila malipo. Akasema, "Tulipofika tulikuwa hatuna kitu, tukapewa makoti ya baridi. Wewe kula, zamu yako itafika." Akaniongeza mbaazi.

Basi jibu nimelipata, na maktaba halikuwepo. Kuna bure ya kukununua, na kuna bure ya kupokezana. Ukiitazama sahani huwezi kuzitofautisha. Mtazame anayepakua: anakuuliza jina lako ili akuandike kwenye orodha, au anakuuliza kama umekula?

Kesho saa 12 asubuhi naenda tena kulekule, ila safari hii nimejiandikisha kukaanga. Mkono wangu mnaujua, kwa hiyo waombeeni watakaokuwa kwenye foleni. Alamsiki!