Tanakuzi Magazetini na Maana ya Neno "Bepari"

Tanakuzi ni mbinu ya kuweka mambo mawili yanayokinzana pamoja ili kila moja lidhihirishe lingine. Wahenga waliitumia waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwandishi wa gazeti naye huipenda, kwani nafasi yake ni finyu, na maneno mawili yanayopingana humwonyesha msomaji upesi nani anashutumiwa na nani anatetewa. Hata hivyo, kazi ya tanakuzi si kupamba habari tu. Yaweza pia kubadili maana ya maneno, kama historia ya neno "bepari" inavyothibitisha.

Neno hili lilitoka katika lugha za Bara Hindi, na maana yake ya awali ilikuwa mfanyabiashara. Halikuwa tusi. Vivyo hivyo "kabaila", neno lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja mtu wa ukoo bora.

Tarehe 5 Februari, 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa. Magazeti ya Kiswahili, likiwamo Uhuru, gazeti la TANU, yakaeneza jozi za maneno: ujamaa na ubepari, mnyonywaji na mnyonyaji, kujitegemea na kutegemea misaada. Katika jozi hizo bepari hakutajwa tena pamoja na mteja wake, bali alikabiliana na mkulima na mfanyakazi. Kwa kuwekwa mara kwa mara upande mmoja na kabaila na kupe, maana ya biashara ikafifia na ile ya unyonyaji ikashika nafasi yake.

Faida ilikuwa kubwa. Lugha ilipata istilahi za siasa kutokana na maneno iliyokuwa nayo, na mwananchi wa kawaida aliweza kuzifuata. Lakini jozi ina pande mbili tu. Je, mwenye kiduka kijijini, asiyeajiri mtu, awekwe upande gani? Azimio lenyewe halikuridhika na mgawanyo mwepesi, kwani lilionya kwamba wakazi wa mijini nao waweza kuwa wanyonyaji wa wakulima.

Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, lakini neno "bepari" halikurejea maana yake ya kwanza. Kwa hiyo mfasiri anayekuta neno hili katika maandishi ya kabla ya mwaka 1967 hana budi kuchunguza kwanza muktadha, asije akamgeuza mfanyabiashara wa haki kuwa mnyonyaji. Mwalimu naye awaonyeshe wanafunzi maana zote mbili. Na mtumishi wa serikali aandikapo taarifa, achague "mfanyabiashara" anapotaja kazi ya mtu, na "bepari" pale tu anapozungumzia mfumo wa uchumi. Maana ya istilahi haitoki katika kamusi peke yake. Hutoka pia katika neno ambalo imezoea kupambanishwa nalo.