Dola Moja kwa Zantel

Mwaka 2015 kampuni ya Millicom ilichukua asilimia 85 ya hisa za Zantel kutoka Etisalat ya Falme za Kiarabu kwa dola 1 ya Marekani, na juu yake ikabeba deni la dola milioni 74. Watu wa Wete, Chake Chake na Mkoani waliokuwa wakiijua Zantel kuwa ndiyo kampuni ya Visiwani wana haki ya kuuliza ilifikaje hapo.

Simu za mbali zilianza huku chini ya mkono mmoja. Mwaka 1879 Eastern and South African Telegraph, kampuni ya Waingereza, ilifikisha Unguja waya wa chini ya bahari kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Durban. Katika miaka ya 1920 redio ya Marconi ilianza kuushinda waya kwa bei. Wakubwa wa London hawakuacha bei zishuke; mwaka 1929 waliziunganisha biashara hizo mbili katika kampuni moja, ile iliyopewa jina la Cable and Wireless mwaka 1934. Mteja hakuulizwa.

Baada ya 1964, posta na simu ziliingia katika mambo ya Muungano. Ukaja wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi 1977, kisha Shirika la Posta na Simu Tanzania, na tangu 1994 TTCL. Mpemba mwenye ndugu Mombasa, Dubai au Maskati alikuwa na mlango huo mmoja.

Zantel ilianzishwa mwaka 1999, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ikiwa na hisa ndani yake, na leseni yake ya kwanza ilikuwa ya Zanzibar. Ilikuwa na njia yake ya kimataifa wakati TTCL bado inalindwa Bara, ulinzi uliomalizika Februari 2005. Hapo Zantel ikaruhusiwa kufanya kazi nchi nzima. Baadaye ikawa miongoni mwa wenye mkonga wa chini ya bahari wa EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa wakati wake bora: kampuni ya visiwani iliyoshika sehemu ya njia yenyewe ya intaneti. Lakini Bara ilikutana na Vodacom, Airtel na Tigo, wenye wateja wengi zaidi, na madeni yakaizidi nguvu.

Millicom ilikuwa tayari inamiliki Tigo. Oktoba 2019 ikaiingiza Zantel ndani ya Tigo, na asilimia 15 za SMZ zikageuka asilimia 1.5 za kampuni kubwa. Mwaka 2022 kampuni hiyo ikauzwa kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagascar, na tangu Novemba 2024 jina ni Yas.

Kwa nini basi, kampuni mbili zilipokuwa moja, bei za kupiga mtandao mwingine hazikupanda? Jibu liko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kila simu inayovuka mtandao, kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji. Malipo hayo yakiwa makubwa, mwenye wateja wengi huwafungia wadogo nje, na ndiyo maana watu walitembea na laini mbili au tatu. TCRA iliyakata yakawa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, 15.60 mwaka 2018, na 2 mwaka 2022. Tangu Machi 2017 mteja anaweza pia kuhama mtandao na namba yake.

Ulinzi huo ni wa kweli, ila haugusi kila kitu. Simu ni jambo la Muungano. Ushindani wa biashara si jambo la Muungano. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ni ya Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018. Makampuni mawili ya simu yakitaka kuungana tena, athari zake Pemba lazima zipimwe peke yake, kwa minara iliyopo Micheweni na bei za vifurushi vya Konde, kabla ya mkataba kutiwa saini. SMZ ina asilimia zake 1.5 na ina sheria yake. Ivitumie.