Jinsi ya kuwatambua viwavijeshi shambani na malishoni

MKULIMA anapokuta majani ya mahindi yametoboka, hudhani mara moja kuwa ni viwavijeshi na kukimbilia duka la dawa. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, si kila kiwavi alaye mahindi ni kiwavijeshi, na viwavijeshi wenyewe si wa aina moja.

Viwavi hawa ni watoto wa nondo wa jamii ya Noctuidae, jina lenye asili ya Kilatini linalohusiana na bundi, kwa kuwa wengi wa nondo hao huruka usiku. Kwa kawaida mwili wao ni laini na vinyweleo vyake havionekani kwa urahisi. Wana jozi tatu za miguu karibu na kichwa, na wengi huwa na jozi tano zaidi za miguu ya nyama: nne tumboni na moja mkiani. Kiwavi mwenye manyoya tele yanayowasha huwa aghalabu wa jamii nyingine.

Anayetajwa zaidi siku hizi ni kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya Amerika, aliyeripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa nchini Kenya mwaka 2017. Usoni ana mstari mweupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Kwenye pingili ya pili kutoka mkiani ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Herufi hiyo pekee haitoshi, maana hata jamaa zake huwa na alama inayokaribiana nayo. Mraba ndio ushahidi. Rangi isimhadae mtu, kwani kiwavi huyu huweza kuwa wa kijani, hudhurungi au karibu mweusi. Hujificha ndani ya moyo wa mmea na kuacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao uliolowa.

Kiwavijeshi wa Afrika ni mwenyeji wa tangu jadi, naye ana sura mbili. Wanapokuwa wachache, huwa wa kijani au hudhurungi na ni vigumu kuwaona nyasini. Wanaposongamana hugeuka weusi, wakiwa na mistari hafifu ubavuni, na huandamana mchana kweupe kutoka shamba hadi shamba, kama ilivyoshuhudiwa Afrika Mashariki mwaka 2022. Chakula chao ni nyasi na nafaka kama mahindi, mtama, wimbi na mpunga. Kwa hiyo, ikiwa mahindi yameliwa hadi ukuti ilhali maharagwe yaliyopandwa kati yake yamesalia salama, wa kushukiwa ni huyu.

Wafugaji nao wana sababu ya kumfahamu. Visa vya ng'ombe kufa baada ya kulishwa kwenye nyasi zilizoshambuliwa vimewahi kuripotiwa, ndiposa wanashauriwa kuwaondoa mifugo hapo kwa muda.

Yupo pia kiwavi atobowaye bua, ambaye ni wa jamii iyo hiyo. Huyu ana rangi ya maziwa yenye uwekundu na hana mistari inayoonekana wazi. Akiwa mchanga hutoboa majani yaliyojikunja, nayo yakikunjuka huwa na safu za vitundu. Baadaye huingia ndani ya bua na kusababisha jani la katikati kukauka. Kumnyunyizia dawa akiwa amekwisha kuingia ni kutupa fedha.

Ukaguzi ufanywe asubuhi mapema au jioni, kwa kufunua mioyo ya mimea katika sehemu kadhaa za shamba. Viwavijeshi wakikomaa huingia udongoni na kugeuka mabuu bwete, hivyo dawa inayonyunyiziwa majani haiwafikii tena. Wale wanaoonekana wakining'inia kichwa chini kwenye ncha za nyasi, miili imelegea na kuvuja maji, huwa wameuawa na virusi vya asili ambavyo havina madhara kwa binadamu.