Vyumba vya Dharura vya Sudan

Vyumba vya Dharura vya Sudan (kwa Kiarabu: غرف الطوارئ, ghuraf at-tawari) ni mtandao wa vikundi vya watu wanaojitolea mitaani nchini Sudan. Vikundi hivyo vimekuwa vikigawa chakula, maji na dawa na kusaidia watu kuhama maeneo ya mapigano tangu vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023. Kazi yao inayojulikana zaidi ni majiko ya pamoja, yanayoitwa takaya (umoja: takiya).

Chanzo

Vita hivyo ni kati ya jeshi la Sudan, linaloongozwa na Abdel Fattah al-Burhan, na kikosi cha RSF cha Mohamed Hamdan Dagalo. Siku ya kwanza ya mapigano wafanyakazi watatu wa Mpango wa Chakula Duniani (WFP) waliuawa huko Kabkabiya, Darfur Kaskazini, na shirika hilo likasimamisha kazi zake kwa muda. Mashirika mengi ya kigeni yaliondoka Khartoum, na baadaye mengi yakahamia Port Sudan. Masoko yalichomwa, mabenki yakaporwa, na wakazi waliobaki walilazimika kujitegemea.

Vikundi vya mitaa havikuanza bila msingi. Vingi vilitokana na kamati za upinzani, ambazo ziliongoza maandamano yaliyotangulia kuangushwa kwa Omar al-Bashir mwaka 2019. Desturi ya nafir nayo ni ya zamani: ni wito wa kufanya kazi kwa ujima, kama vile kuvuna au kujenga nyumba ya jirani. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2013 vijana wa Khartoum walitumia jina hilohilo kwa kampeni yao ya kuwasaidia walioathirika.

Majiko ya pamoja

Neno takiya linahusishwa na nyumba za Masufi ambamo wageni na maskini walilishwa. Wakati wa vita jiko huwekwa msikitini, shuleni au uani kwa mtu. Wakazi wa mtaa hununua unga, mchele, dengu, mafuta na maharagwe ya ful, kisha hupika kwa kuni au mkaa pale gesi inapokosekana. Familia huja na vyombo vyao na kupewa chakula cha kwenda kula nyumbani.

Kwa kuwa wapishi na wagawaji ni watu wa mtaa uleule, wanajua nyumba zenye wagonjwa, wazee na watoto. Wanaweza pia kufika mahali ambapo malori ya misaada huzuiliwa. Wanawake wameanzisha vyumba vyao wenyewe, ambavyo huwahudumia pia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Fedha na mawasiliano

Mwanzoni fedha zilitoka hasa kwa wakazi wenyewe na kwa Wasudan walioko nchi za Ghuba, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa sababu noti ziliadimika, michango mingi hutumwa kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum. Njia hiyo hutegemea intaneti: mawasiliano yalipokatika sehemu kubwa ya nchi mnamo Februari 2024, majiko mengi ya Khartoum yalisimama kwa kukosa fedha za kununulia chakula.

Baadaye wafadhili wa kimataifa walianza kuchangia. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 2025, mamia ya majiko yalifungwa.

Hatari na mipaka

Watu wanaojitolea wamekamatwa na pande zote mbili za vita, na baadhi wameuawa. Kila upande umewashuku kuwa wanausaidia upande mwingine.

Majiko hayakuweza kuzuia njaa mahali ambapo chakula chenyewe kilizuiwa kuingia. Mnamo Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Zamzam, karibu na El Fasher. Mji wa El Fasher ulikuwa umezingirwa na RSF tangu Mei mwaka huo. Kadiri nafaka zilivyokwisha, wakazi walikula ambaz, yaani mashudu ya karanga ambayo kwa kawaida ni chakula cha mifugo, na majiko kadhaa yakayapika pia. RSF iliuteka mji huo mwishoni mwa Oktoba 2025.

Tuzo

Mwaka 2025 Vyumba vya Dharura vilipewa Tuzo ya Rafto ya nchini Norwei na Tuzo ya Right Livelihood ya nchini Uswidi kwa kazi yao ya kuokoa maisha ya raia.