Maji Yaliyo Chini ya Kariakoo

Mchafukoge ni jina lenye amri ndani yake: mchafu, koge, yaani nenda ukaoge. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu watu wa kata hii ya Dar es Salaam na jirani zake wa Kariakoo wameishi kwa kushindana na maji, huku kila zama ikiwaletea wataalamu wa kuwaelekeza.

Mji huo, ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, ulibanwa kati ya hori la Gerezani na bonde la Msimbazi. Wajerumani walipohamishia hapo makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, homa haikuwapa nafasi ya kupumua. Daktari wa Kijerumani Robert Koch alifika na hadubini yake mwaka 1897, mwaka uleule ambao daktari Ronald Ross, huko India, aligundua kuwa malaria hubebwa na mbu. Koch mwenyewe alitegemea kwinini. Lakini ugunduzi wa Ross ndio uliogeuza kinamasi kuwa adui, na tangu hapo kazi ya mtaalamu ikawa kukausha, kufukia na kuchimba mitaro. Uwanja wa Mnazi Mmoja nao ukaachwa wazi kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika, kwa hoja ya afya. Mimi naiita ubaguzi uliovishwa koti la daktari.

Kukausha hakukuwa upumbavu. Watoto walikuwa wanakufa. Kati ya 1988 na 1996 Japani ilisaidia kuzibua mitaro ya jiji, na mwaka 2004 ukaanza mpango wa kudhibiti malaria katika kata 15 za Dar es Salaam. Humo wakazi wenyewe walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta viluwiluwi, kwa kuwa mwenye mtaa analijua dimbwi ambalo ramani haina.

Kisha bonde likadai chake. Mto Msimbazi hushuka kilomita 35 hivi kutoka vilima vya Pugu hadi baharini penye daraja la Selander. Miti ya juu ikikatwa, mvua hubeba udongo, na maji yakifika tambarare ya Jangwani hupunguza mwendo na kutua mchanga. Sakafu ya mto hupanda, kingo zikabaki palepale. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, mbali na sokoni walikopatia riziki.

Mwaka 2015 mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria ukawatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi mitaani, wakachora mitaro na nyumba pamoja na wakazi, wakiwauliza maji yalifika wapi. Mama aliyeonyesha alama ya tope ukutani alikuwa anatoa kipimo cha kisayansi, na nadhani hakuna hatua katika historia hii yote inayostahili heshima kuliko hiyo.

Mwaka 2018, huku mafuriko ya Aprili yakiingia kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Jangwani, wahandisi, watu wa mipango miji na wakazi walikaa vikao vya miezi kadhaa kuhusu bonde. Walichokubaliana kingemshangaza kila mhandisi wa zamani: mto upewe nafasi. Uchimbwe na kupanuliwa, kituo kihamishwe, daraja la Jangwani liinuliwe, mikoko ilindwe mdomoni mwa mto, na bonde lenyewe liwe bustani inayoruhusiwa kufurika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo.

Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja: waliosaidia kuchora ramani wasiwe wa kwanza kufutwa juu yake. Fidia inayomwezesha mtu kubaki karibu na Kariakoo ni sehemu ya mradi sawa na zege la daraja.

Na hesabu ya mchanga haianzii Jangwani. Kila kipande cha msitu kinachokatwa Pugu hushuka hadi hapa, na tingatinga hulazimika kurudi mtoni baada ya kila masika.