Kadi za mkono: ganda la mgomba linavyosaidia watoto

Kadi ya mkono ni kadi ya heri inayotengenezwa bila mashini, faida yake ikienda kwa wenye shida. Kadi ya kwanza ya UNICEF, mwaka 1949, ilitokana na picha ya Jitka Samkova, mtoto wa Czechoslovakia aliyeshukuru kwa msaada baada ya vita.

Huku Butembo na Beni, maganda makavu ya mgomba yako shambani bure. Unayapangusa, unayanyoosha chini ya kitu kizito, unayakata kwa makasi, unayabandika kwa kole kwenye karatasi ngumu: nyumba, ndege, mama na kikapu chake. Yakiwa na unyevu, yataota ukungu.

Tuhesabu kwa mfano: kadi ikiuzwa franka 1.000 na vifaa vikila 300, inabaki 700. Kadi 100 ni franka 70.000.

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 eneo la Beni, familia nyingi zimekimbia mashamba, na watoto wao wanahitaji daftari na kalamu. Kwa hiyo someni hesabu mbele ya watu wote. Imani ikipotea, Bonane ijayo nani atanunua?